Siku Niliyomkatia Sauti Mheshimiwa Nhandi

Ninyi vijana mnaofunga muziki kwenye maharusi na mikutano, kila mkija kunitembelea hapa Mhunze mnaniuliza mambo mawili. La kwanza, sisi wa zamani tulifikishaje sauti mbali bila hayo makabati mnayopakia leo kwenye Fuso. La pili, Mheshimiwa Nhandi alikuwa mtu wa namna gani. La kwanza nalijibu mpaka mnapiga miayo. Kwa la pili huwa nakohoa, naomba maji, naanza kuwauliza habari za wazazi wenu. Leo nimeamua kuyajibu yote mawili kwa maandishi, kwa sababu kwa mdomo nimeshindwa mara nyingi.

Mimi naitwa Maganga, fundi wa honi. Kazi yangu ilikuwa amplifaya moja ya betri, honi nne za bati, maikrofoni ya waya na pikapu ya kukodi. Chama sikuwa nacho na sina hadi leo. Jumatano nafunga mnadani, Jumapili kanisani, ikifika Maulidi nafunga msikitini, na siku nyingine nafunga kwa yeyote mwenye kibali cha mkutano. Ndivyo nilivyokutana na Gamaya Nhandi.

Kwa ninyi mliozaliwa juzi: Nhandi alikuwa mwalimu wa hesabu, mtoto wa mkulima wa pamba wa hapa hapa Kishapu. Akagombea ubunge kwa upinzani, wazee wakacheka, akashinda. Baadaye wenzake wakamfanya kiongozi wa kambi ya upinzani bungeni, maana yake serikali ikishasema, yeye ndiye anayesimama kuijibu. Na mtu huyo, mkiamini msipoamini, hakuwa na sauti. Alikuwa na kasauti kadogo, kakavu, tena alikuwa anameza maneno ya mwisho. Waliosoma kwake wanasema darasani ilibidi mnyamaze mpaka msikie inzi akitembea ubaoni. Bila honi, Nhandi alikuwa mtu wa kuongea na watu kumi.

Mkutano wake wa kwanza niliuharibu mimi. Ulikuwa pembeni ya mnada wa ng'ombe, nami kwa ujuaji wangu nikafunga honi nyuma ya msemaji. Alipofungua tu mdomo, mitambo ikapiga mluzi wa kupasua masikio. Ng'ombe wawili wakakata kamba, wenyewe wakawakimbiza, na nusu ya wasikilizaji wakaenda kusaidia. Nikajua leo silipwi. Nhandi akasubiri vumbi litulie, akaniangalia, akasema, "Fundi, hao ni wapiga kura wangu wa kwanza kunikimbia. Hebu tufunge upya, kabla na wa miguu miwili hawajawafuata." Kuanzia siku hiyo hakukodi fundi mwingine.

Basi shikeni hili. Honi hukaa mbele ya msemaji, kamwe si nyuma yake. Ifunge juu kupita vichwa, kwa sababu miili ya watu inakunywa sauti. Ielekeze upepo unakokwenda. Wakati wa vumbi, na huku kwetu vumbi ni nusu mwaka, funika maikrofoni kwa leso safi. Ukishamaliza, usipime sauti ukiwa umesimama hapo kwenye mitambo ukijisifu. Tembea mpaka nyuma kabisa, wanakosimama wauza karanga na wauza maji ya mifuko. Ukifika hapo husikii, wewe hujafunga kitu.

Nhandi naye alikuwa na ukaguzi wake. Kabla ya kuanza aliuzunguka uwanja wote kwa miguu, mikono nyuma, kama mtu anayenunua shamba. Anaangalia waya za umeme, korongo, visima vilivyoachwa wazi, gari litapita wapi. Vijana wa chama walikuwa wanamcheka chini chini, wanasema mwalimu anahesabu hatua. Yeye alikuwa anasema watu wakishakusanyika kwa jina lako, miguu yao ni mali yako mpaka wafike nyumbani.

Aliyenifundisha kazi mimi ni Mzee Sefu, fundi wa redio pale Shinyanga mjini, mwenyeji wa Tanga aliyekuja na reli akasahau kurudi. Mkali, mvutaji, mkono mwepesi kukuchapa na bisibisi. Alinifundisha kusafisha vichwa vya betri kwa magadi, kuunga waya bila solda, na kumtambua mwenye mkutano asiyelipa kwa kuangalia viatu vyake. Na alinifundisha sheria moja aliyoirudia kila siku ya Mungu. "Maganga, polisi wakija, wewe kata umeme, fungua, pakia. Mtu ana miguu, atakimbia. Amplifaya haina miguu."

Niliidharau sheria hiyo mara moja tu. Mkutano ulizidisha muda, mimi nikaendelea kuwasha kwa heshima ya msemaji, mitambo yangu ikabebwa kuwa kielelezo cha kesi. Ilikaa huko miezi minane. Siku naipata, panya walikuwa wamezaa ndani ya amplifaya, na honi moja mtu alikuwa ameigeuza kigoda cha kukalia. Miezi minane hiyo mke wangu aliuza mbuzi wote, nami nikaenda kubeba viroba vya mawe kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Niliporudi kazini nilikula kiapo, na sikumwambia mtu.

Sasa nifike pale ninapokimbiaga.

Ilikuwa rashi mpya upande wa Geita. Rashi ni pale dhahabu inapotokea ghafla porini, na kabla mwezi haujaisha kuna vibanda, baa, msikiti wa mabati na makanisa matatu. Watu kutoka kila kona ya nchi, Wasukuma, Wazinza, Waha, Wachaga wenye maduka, kila mtu na ndoto yake. Wachimbaji walimwita Nhandi kwa sababu wenzao walikuwa wanafukiwa kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, na hakuna aliyekuwa anauliza. Uwanja wa shule ulikuwa na mitihani. Kibali kikataja eneo la wazi pembeni ya maduara ya zamani, yaliyoishiwa dhahabu na kuachwa wazi.

Nhandi alipomaliza kulizunguka eneo alikuja kwangu akijifuta jasho. "Hapa hapanipendezi, Fundi," akasema. Akawaomba vijana wakate miiba, wakaizungusha nyuma kule kwenye mashimo na kamba juu yake. Mimi nikaenda kupima sauti. Nilisimama karibu na ile miiba, na pale palikuwa na binti wa kama miaka ishirini na mitatu, ndoo ya maji ya mifuko kichwani. Akanisalimia, "Shikamoo baba." Nikajibu marahaba, nikamuuliza kama anasikia vizuri pale. Akasema anasikia kila kitu, hata kukohoa kwa mheshimiwa. Nikarudi nimeridhika.

Kibali kilisema mwisho saa kumi na mbili. Wachimbaji walikuwa na maswali mengi, na Nhandi hakuwa mtu wa kumkatisha mtu aliyefiwa na ndugu. Saa kumi na mbili ikapita. Gari la polisi likaingia taratibu, afisa mmoja akashuka, akamwonyesha Nhandi saa ya mkononi. Nhandi akainua mkono kumwonyesha anamalizia. Ingeishia hapo. Lakini upande wa kulia kuna mtu akarusha chupa, sijui nani, ikavunjikia kwenye boneti la gari. Watu wakaanza kusukumana.

Nhandi akaleta maikrofoni mdomoni, akaanza kuwaambia watu wakae chini. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Alikuwa anayafanya yaliyotakiwa, kwa utulivu ule ule wa darasani. Na mimi macho yangu yalikuwa kwenye gari la polisi, kichwani naona panya wakizaa ndani ya amplifaya. Mkono ukaenda wenyewe kwenye betri. Nikang'oa kibanio chekundu.

Sauti ikakatika katikati ya neno. Nhandi akaigonga maikrofoni, akanigeukia. "Fundi, sauti."

Kibanio kilikuwa mkononi mwangu. Kukirudisha ni sekunde moja, ninyi wenyewe mnajua. Nikasema, "Betri imekufa, Mheshimiwa."

Akaniangalia kwa muda mfupi sana, kisha akaitupa maikrofoni na kukimbilia nyuma kwa watu, mikono juu, akipiga kelele kwa kasauti kake. Mimi niliyekuwa karibu nilimsikia akiyarudia maneno yale, kule nyuma hakuna aliyemsikia. Wa mbele waliomwona akionyesha kwa mikono walikaa. Wa katikati walisimama wakishangaa. Halafu kikasikika kishindo. Wengine wanasema bomu la machozi, wengine wanasema tairi la bodaboda, na mbele ya kamati ya uchunguzi kila mtu alisema lake. Wa nyuma waligeuka wakakimbia, miiba ikalala chini kama haikuwepo.

Mimi nilikuwa napakia. Nilipoanza kusikia vilio vya kule nyuma nilikuwa nafunga turubai la pikapu. Amplifaya ilikuwa salama, haikuingia hata vumbi. Kwenye mashimo walitolewa watu wanne waliokufa, na yule binti wa maji alikuwa mmoja wao. Jina lake nililijua pale alipokuwa amelazwa kwenye kanga, mwenzake akiita Shija, Shija, amka twende.

Kamati iliniita. Nikasema betri ilikufa. Wakauliza ilikuwa ya zamani, nikasema ya zamani. Nhandi alikuwa amekaa benchi la pembeni, amefunga bandeji mkononi alikojikata akiwavuta watu. Hakusema kitu.

Wiki chache baadaye Bunge likakaa. Nilikuwa kibandani naunga waya, redio imewashwa. Watu wa chama chake walitaka aseme polisi ndio waliosababisha, na wa upande wa pili walikuwa wanasubiri aseme hivyo hivyo ili wamrarue. Akasimama na kasauti kake. Akasema waliokufa walikufa kwenye mkutano wake, yeye ndiye aliyewaita, yeye ndiye aliyekuwa na maikrofoni mkononi, na hakuwafikisha nyumbani. Akasema hatafuti la kujitetea. Akaomba radhi kwa majina yao manne, moja moja. Akamalizia kwa kutangaza kwamba anaachia uongozi wa kambi. Wateja wangu wawili waliokuwa wanasubiri redio zao wakaangaliana. Mmoja akasema, "Kumbe kweli ni yeye." Niliinamisha kichwa nikaendelea kuunga waya ambao ulikuwa umeshaungika.

Mnaona basi nilivyokuwa. Nikajiambia mheshimiwa ni mtu mkubwa, ataivuka, mimi fundi mdogo nitafia jela. Hakuivuka. Uchaguzi uliofuata walimtungia jina, Nhandi wa Mashimo, watoto wakawa wanamwimbia barabarani. Kiti akakipoteza. Marafiki wa Dodoma hawakumpigia tena simu. Na hata leo ninyi kwenye simu zenu naona mnaandikiana, yule mzee alikuwa msomi lakini aliua watu kwa uzembe. Naisoma, naizima simu, naiwasha tena.

Mwisho wa uzembe wake ulikuwa hivi. Miaka yote iliyobaki alizunguka machimbo ya Geita na huku Shinyanga, bila kiti, bila mshahara wa bunge, akilazimisha maduara yaliyoachwa yafukiwe au yazungushiwe uzio. Anaandika barua, anakaa kwenye mabenchi ya ofisi mpaka wanamchoka. Mkipita kule mkaona nguzo na mabango ya hatari, nyingi ni kazi ya makalio ya Nhandi kwenye mabenchi hayo. Na popote alipoitisha kikao, fundi alikuwa mimi. Hakunibadilisha.

Mara moja tu aliniuliza. Tulikuwa kwenye pikapu tunatoka Mwadui, mchana wa jua kali. Akasema, "Fundi, ile betri ya Geita uliinunua lini?" Nikajibu bila kufikiri, "Mwezi ule ule, Mheshimiwa." Nilikuwa nimeiambia kamati ni ya zamani. Akatazama nje mashamba ya mtama, akasema, "Betri za siku hizi." Basi, hajaniuliza tena mpaka anakufa. Sijui kama alijua. Nimejiuliza mpaka nimechoka, na kila jibu ninalopata linaniumiza.

Alikufa kwa figo, nyumbani. Mjane wake akanitumia ujumbe nikafunge honi msibani, akasema marehemu angetaka mimi. Nilifunga vizuri kuliko siku zote. Nilitembea mpaka nyuma, nikapima.

Kabla ya kuaga mwili, msemaji wa familia akatangaza kama ilivyo ada, kwamba kama yupo anayemdai marehemu ajitokeze, familia ipo. Huwa hatokei mtu, au anatokea mwenye duka. Siku ile akatokea mama mzee, mwembamba, akitembea kwa fimbo. Akachukua maikrofoni kwa mikono miwili. "Mimi ni Mama Shija, natoka Songwa," akasema. "Huyu baba namdai. Namdai mwanangu. Alikuja kwangu mara nyingi na sukari na unga, akaniomba msamaha, nikapokea sukari. Msamaha sikumpa. Nataka aende akijua sikumpa."

Mwenyekiti wa chama, aliyekuwa kakaa jirani na jeneza, akanikodolea macho na kupitisha kidole shingoni. Kata. Mkono wangu ulikuwa hapo hapo kwenye swichi. Sikukata. Nilimwacha aseme yote mpaka alipochoka mwenyewe, akasaidiwa kukaa. Watu wakasema fundi kazeeka, hata kuzima hajui. Mjane alikuwa ameinama analia. Na maikrofoni ikarudi mkononi mwangu, imewaka, watu mia kadhaa kimya wananiangalia, jeneza liko wazi mbele yangu. Nikampa mchungaji.

Kwanza Geita, kisha mbele ya kamati, na sasa msibani kwake: hiyo ndiyo mara ya tatu kumnyima Nhandi sauti, na hii sina panya wa kuwasingizia.

Siku nne sikula. Mke wangu akasema kama ni malaria niende zahanati, kama ni jambo niende kwa mwenye jambo. Ya tano nikapanda bodaboda hadi Songwa. Nilimkuta Mama Shija uani kwake anapeta choroko. Akanitambua, akanipa kigoda. "Wewe ndiye fundi uliyeniachia nikasema," akasema. "Wabeja, baba. Wengine wangenizima."

Shukrani hiyo ilinichoma kuliko tusi. Nikamwambia yote palepale, kabla woga haujanirudia. Kibanio chekundu. Betri ambayo haikufa. Kamati. Bunge. Nilikuwa naongea naangalia miguu yangu. Nikamwambia dereva wa bodaboda ananisubiri nje, anaweza kunipeleka polisi muda wowote atakaosema yeye, na nimeshaandika maelezo yangu, mjane wa Nhandi nimempa nakala asubuhi ile. Hilo ni kweli, vijana. Mjane aliisoma mlangoni akiwa amesimama, akaikunja, akafunga mlango. Sijamlaumu.

Mama Shija hakulia wala hakunitukana. Aliendelea kupeta, choroko zikipanda na kushuka, makapi yakiruka. Halafu akaweka ungo chini.

"Wewe ulikuwa karibu naye," akasema.

"Hatua tatu, mama."

"Ulimsikia alivyokuwa anasema."

"Nilimsikia."

"Mimi sikuwepo. Na waliokuwa nyuma hawakusikia. Wenzake Shija nimewauliza wote, hakuna anayejua. Miaka yote nilidhani alikuwa anajitafutia njia ya kukimbia." Akanitazama usoni. "Alikuwa anasema nini?"

Nikamwambia, kwa sauti ya chini, maneno ambayo sijawahi kuyasahau hata siku moja. "Alisema, ndugu zangu, kaeni chini, kila mtu akae hapo hapo alipo. Ninyi wa nyuma, msirudi nyuma, kuna mashimo. Kaeni, mimi nakuja huko."

"Sema kwa nguvu," akasema. "Kama ilivyotakiwa isikike."

Mimi ni mzee wa miaka sabini na mbili, mapafu yangu yana vumbi la karasha. Nikasimama katikati ya ua wa watu, nikajaza kifua, nikapaza. Ndugu zangu, kaeni chini. Ninyi wa nyuma, msirudi nyuma, kuna mashimo. Majirani wakatoka, mmoja na mwiko mkononi, wakidhani kuna ugomvi. Akaniashiria nirudie, nikarudia mpaka sauti ikakatika.

Mama Shija alikuwa ametulia, kichwa ameinamisha upande, anasikiliza. Kisha akatikisa kichwa polepole.

"Angekaa," akasema. "Shija wangu alikuwa msikivu. Ukimwambia kaa, anakaa."